Kamba Iliyorudishwa

Bi Zamoyo Nantembo katoka Naumbu alfajiri
na kamba yangu ndani ya mfuko,
akaitua mezani kama anayerudisha samaki aliyechina.
"Mistari minne ya mwani imekwenda na maji.
Na kamba ina wiki tatu."

Sikubisha. Nilishika ncha:
haina nyuzinyuzi, haina ndevu,
imekatika kama muhogo mkavu, ka!
Nikaijua siku yake. Jumanne ile
umeme ulikuja nusu, Chikongola nzima,
rola la pili likawa linajikokota sambamba na la kwanza,
na uzi ukapita katikati yao
bila kuvutwa na yeyote.
Ulikuwa wa kutupa. Niliuona mnene,
mweupe, nikasema utafaa.

Mama, nikamwambia,
ndani ya plastiki mna minyororo
myembamba hata jicho halina habari nayo.
Ikiyeyuka hulala ovyo, tambi sufuriani.
Ukiiacha ipoe ipendavyo
kila mmoja hujikunja pale pale ulipo,
hujikusanya vibonge vya duara,
kibonge kikakipa kibonge mgongo,
na hapo, kati ya mgongo na mgongo,
ndipo mwani wako ulipopitia.

Ukiivuta ingali laini
ile mirefu hunyooka kwanza.
Mifupi ni sahaulifu: ukiachia tu, imejikunja.
Mirefu hukawia kusahau,
na maji ya beseni sharti yaiwahi
humo humo kwenye kukawia.
Ikishanyooka imekuwa kijiti,
na mingine, iliyokuwa inazubaa,
huja kujikunja juu yake, pande kwa pande...

"Mishikaki," akasema.

Mishikaki hasa! Kama ya Shaweji pale stendi.

"Ya Shaweji mafuta matupu." Akavuta kigoda.

Nikawasha mashine. Punje zikanguruma kwenye koo la chuma,
utepe ukatoka, ukazama, ukaibuka,
ukaingia tanurini kati ya marola mawili:
la nyuma likizunguka mara moja
la mbele limezunguka saba.
Ukakonda mbele ya macho yetu. Ukang'aa.
Nilikata kipande, nikampa avute.

Alikizungusha vidoleni, akaegemea nyuma,
ngozi ikaingia mstari mwekundu.
Hakikukatika.
Nikakichukua, nikatia ukucha ncha moja,
nikakichana kwa urefu kama ukindu. Shii.

"Mbona umekiua kirahisi?"

Nguvu yake ina upande, mama.
Yote imekwenda kule kilikovutwa.
Ubavuni hakikubakiza kitu.

Akatazama ukucha wangu, akatazama kipande.
"Kumbe ndiyo maana mnasokota."

Miaka sita nafundisha vijana neno hilo.

Jioni kamba mpya ikawa tayari. Nikaitundika darini,
nikafunga ndoo, nikajaza mchanga
koleo baada ya koleo, naye anahesabu.
Kumi na mbili. Kumi na tatu.
Kikalia kitu, ka! kama cha Jumanne,
na moyo wangu ukashuka nacho.

Kamba ilikuwa inabembea, nzima, nyepesi.
Ndoo iko chini, sikio limeng'oka:
pale plastiki ilipogawanyika kalibuni
kupisha tundu la mkono,
ikazunguka huku, ikazunguka kule,
ikakutana tena imeshapoa uso.
Ziligusana tu. Hazikuingiliana.

"Na hiyo ndoo umetengeneza wewe?"
Hapana. Ya dukani.
"Ya wenzio umeijua kosa lake papo hapo."

Nilifagia mchanga.
Nikampimia mita mia nne, sikutaja bei,
akazikunja begani na kwenda kutafuta gari.
Mistari minne ya mwani
mashine yangu haina tundu la kuitolea.